Mlutheri Kwenye Makaburi ya Masista

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hapa Moshono wananitania kwamba nikifika Kwa Mrombo, mji huu huu, nimeshasafiri. Ndiyo maana ilibidi sista mzee aje mwenyewe kunitoa, akiwa ameshikwa mkono na sista kijana.

Nyumba yao imepakana na migomba yetu. Wenzake watatu wamezikwa nyuma ya kikanisa. Kila Novemba padri akishabariki makaburi, sista mzee ndiye husimama na kueleza kila mmoja alivyoishi. Sasa macho yamekwisha, na wanamhamishia kwenye nyumba ya masista wazee.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Jumamosi padri akibariki makaburi, wewe ndiye utasimulia maisha ya wenzangu, nikusikie kabla sijaondoka."

"Sista, mimi Mlutheri. Sisi wafu hatuwaombei."

"Nani kakwambia uombe? Kuomba ataomba padri. Wewe mdomo unao, naujua tangu una kamasi."

"Si wapo hawa masista vijana?"

"Hawa wamekuja juzi. Watasoma jina msalabani, basi. Wenzangu watakuwa wameisha kabisa."

Jumamosi ilinyesha manyunyu. Nilisimama kwenye tope nikaitafuta huzuni, sikuipata. Ilikuwa kama kusubiri zamu bombani. Hata kwenye mazishi ya mama nilikuwa hivi hivi.

Nikasema huyu wa kwanza alikuwa wa zahanati. Mama alipolala kitandani hadi kufa, yeye ndiye alimwogesha, na akimaliza anatuuliza kama tumekula. Wa pili alifundisha kushona. Suruali yangu ya shule aliikata mguu mmoja mfupi, akaniamuru nitembee upesi watu wasione. Nilitembea upesi mpaka kidato cha pili. Wa tatu alipika, na maharage aliyaunguza.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka wala sikulia.

"Na ukali wake je?" sista mzee akadakia. "Usimfanye malaika hapo."

"Alimfukuza padri jikoni na mwiko," nikasema.

"Haya. Sasa ndiye."

Padri akatazama viatu vyake, kisha akaendelea na sala. Waliposema amina nilikuwa nimechelewa, nikaisema peke yangu.

Tulipokuwa tunatawanyika, yule sista kijana alinifuata.

"Kaka, ile suruali, mguu mfupi ulikuwa upi?"

"Wa kushoto."

Akamgeukia mwenzake, akaanza kumsimulia tangu mwanzo, na alipofika kwenye suruali akasema wa kushoto. Sista mzee alikuwa amesimama karibu yao, anasikiliza. Nikaenda kunywa chai.