Mama Mkwe Anaongea na Kuku

Binti yangu alinipigia simu huku kijijini kwangu Chitete, analia. "Mama njoo, huyu mtu ataniachia watoto."

Huyu mtu ni mumewe, dereva wa malori ya kwenda Zambia. Dereva mwenzake aliungua akafa ndani ya lori njiani huko, yeye yuko nyuma yake anaona. Alirudi nyumbani Tunduma akasema, "Bora ingekuwa mimi," akaingia chumbani. Basi. Kula hali, kuongea haongei, pazia limeshushwa.

Nesi alisema asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali kwa daktari wa akili, huo ni ugonjwa kama malaria. Kusikia "akili" tu, mkwe akageukia ukuta. Binti yangu naye soko linamngoja, asipouza nyanya watoto watakula pazia. Ndiyo ndugu wakakaa kikao wakachagua mlinzi: mimi.

Akili nyingi hizo! Sisi Wanamwanga mama mkwe na mkwe hawaonani uso. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Tangu amemuoa mwanangu namjua kwa kisogo. Kisogo kizuri, silalamiki. Lakini mlinzi gani asiyeruhusiwa kumwona anayemlinda?

Nikakaa uani chini ya dirisha lake, mgongo ukutani, ungo wa maharage mapajani. Pembeni yangu kuku wa binti yangu anaatamia kwenye karai bovu. Huyo naye hali, hatoki, hasemi. Nikasema haya, nimepewa wagonjwa wawili.

Washauri wakaja, maana Tunduma ushauri haupitii forodha. Shemeji mtu akasimama mlangoni: "Kaza bro! Mwanaume haliagi!" Mama wa kwaya akaomba mpaka wali ukaiva, akaula, akafuta mdomo: "Ni imani tu imepungua, baba." Jirani wa kutoka ng'ambo, Zambia, akapitisha kichwa getini, akasalimia kwa lugha ya kwao: "Mulishani, mulishani! Bia mbili tu, mawazo yanahama." Mjukuu wangu akasoma kwenye simu: "Bibi, wanasema ajitahidi kupumua." Nilishtuka. Kumbe siku zote hizo mwenzetu alikuwa hapumui!

Walipoondoka, ndani kimya. Nikaogopa. Kimya kile si cha mtu aliyelala. Kumwita siwezi, kuingia ndiyo kabisa. Kwetu ukiwa na neno la mkwe, unakiambia kitu kingine kilicho karibu yake, yeye anaokota. Nikamgeukia kuku.

"Kaza bro!" Nikaitoa sauti ya shemeji, na kifua nimekitanua vilevile. "Kuku gani unakaa tu kwenye karai? Kuku haliagi!" Nikageuza ya kwaya, ile ya puani: "Ni imani, mama kuku. Toka hapo tuombe. Halafu, wali uko wapi?" Nikaleta na jirani: "Mulishani kuku! Bia mbili tu, mayai yanahama."

Dirishani mtu akakohoa. Nikaongeza nesi, nikaongeza mjukuu, nikamwambia kuku ajitahidi kupumua. Ndani kikatoka kicheko. Kidogo, kibovu, kama injini ya asubuhi ya baridi. Halafu kile kicheko kikageuka kilio, baba mzima analia kwa sauti.

Sauti za watu zikaniishia. Nikabaki na yangu hii.

"We kuku," nikasema, "mwenzako aliungua ukaona. Huo moto hukuuwasha wewe."

Mkwe akalia weee. Kisha akaongea, naye akaongea na kuku, mtoto ana adabu. "Kuku, mwambie mama, mwenzangu alinipigia honi. Alipiga honi mpaka ikakata. Nikifumba macho naisikia."

Jamani. Na Tunduma hii, malori yamepanga foleni mchana kutwa yanapigiana honi! Tumekuja wote na dawa mkononi, hakuna aliyeuliza mgonjwa anasikia nini. Hata mimi, hodari wa sauti za watu.

"Kuku, mwambie baba, kuna nesi alisema neno la maana, sema tu alilisema kwa haraka. Aende hospitali."

Naye akajibu dirishani: "Kuku, muulize mama, nitaenda na nani? Mama watoto yuko sokoni."

Ndiyo tukaenda. Yeye mbele, mimi nyuma kwa mbali, kanga usoni. Hospitali yeye akakaa benchi, mimi nikasimama nimegeukia ukuta. Daktari akatoka, akatuangalia wote wawili: "Samahani, mgonjwa ni nani hapa?" Mkwe akacheka tena. Nilimsikia.

Mpaka leo dawa anakunywa, na zikifika siku zake za kwenda kuongea na daktari, namsindikiza. Lori likipiga honi barabarani, anasimama. Na mimi huku nyuma nasimama, nakiangalia kile kisogo. Kikitetemeka, nangoja. Kikitulia, tunaendelea.