Nywele za Rehema Siku ya Sendofu

Ipo alasiri moja, mwanangu, inayonirudia kila nikishika kitana. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu, Korogwe, na mdogo wangu Rehema ameketi mkekani katikati ya magoti yangu. Kesho yake ilikuwa sendofu yake, sherehe ya kumuaga nyumbani, kwani alikuwa anaolewa na kijana wa Mkumbara. Mimi ndiye niliyekuwa ninamsuka, na nilikuwa nimejiapiza moyoni kwamba hakuna mgeni atakayekitazama kile kichwa akasema, ndiyo, huyu hakuwa na mama.

Nikueleze kwanza nilikotoka, ndipo utanielewa. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mimi mtoto wao mkubwa nikiwa bado darasa la sita. Nikaacha shule niwalee wadogo zangu. Tuliendelea kukaa kambini, kwenye nyumba aliyokuwa nayo baba tangu alipoajiriwa shamba la mkonge. Asubuhi nilikwenda kulima vibarua, na jioni nikawa nasuka watu.

Kusuka nilikuwa nimejifunza nikiwa mdogo sana, kama wasichana wote wa kambini. Tuliokota singa za mkonge, zile nyuzi zake ndefu, zilizodondoka njiani zikitolewa kiwandani, tukazifunga kwenye nguzo ya nyumba, tukazisuka kama nywele. Singa unazivuta utakavyo. Ukizilegeza zinateleza, ukizikaza zinatulia, na hata ukivuta kwa nguvu zako zote hazikuambii neno. Hivyo ndivyo mkono wangu ulivyofundishwa, na mimi sikujua kama kuna namna nyingine.

Mkono huohuo ukanipa jina. Wanawake walioshuka na mboga kutoka Vugiri siku za soko walinitafuta, maana walisema msuko wa yule binti haufumuki. Nami nilijivunia hilo. Mtu asiye na nafasi ya kukaa mkekani kila wiki anataka msuko unaodumu. Nyumbani kwetu kila kitu kilitakiwa kidumu. Viatu vilidumu, ndoo ilidumu, gauni la mmoja lilimfikia wa mwisho likiwa bado gauni. Kwa nini nywele zisidumu?

Rehema alinyolewa kama wenzake muda wote wa shule. Alipomaliza akaanza kufuga, na nywele zikaja nyingi, nyeusi, laini, kama za mama yetu. Mawifi zake wa Mkumbara walipoziona walitaka kumpeleka saluni mjini kwa ajili ya sendofu, wamtie dawa na kumseti. Yeye akawajibu, "Mimi kichwa changu anakijua dada." Alinisimulia hayo akiwa anakuna nazi, hata hakunitazama. Mwanangu, nilifurahi nikaogopa papo hapo. Nilifurahi kwa kuaminiwa. Niliogopa kwa kuwa sasa nikikosea, aibu itakuwa yake mbele ya watu wanaompokea.

Basi alasiri ile nikachora njia zangu kuanzia kwenye paji la uso kwenda juu, pande zote, ili misuko yote ikutane utosini nimfungie hapo donge moja kubwa. Staili ilikuwa nzuri, na njia zilinyooka. Nikakaza. Kila nikimaliza mmoja nauvuta tena kuhakikisha. Mara mojamoja Rehema alisema, "Dada, hapo." Nami nilimjibu, "Vumilia, kesho utapendeza."

Siku hiyo alikuwa amefika Bibi Mwanahamisi kutoka Sindeni, shangazi yake marehemu mama. Alishuka kwenye basi na kifuko cha mbaazi na fimbo yake, akapewa kiti karibu na jiko, akanywa chai. Alitutazama muda mrefu. Halafu akaweka kikombe chini.

"Rehema, hebu nigeukie. Cheka nikuone."

Rehema akajaribu. Midomo ilisogea lakini uso ukagoma.

"Haya, funga macho."

Hata kufunga macho akafika nusu.

"Sasa huyu ni bibi harusi gani?" Bibi akaniuliza. "Ana uso wa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi usingizini."

Rehema akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi, usinichekeshe tafadhali, inauma."

Mimi nikajitetea. "Bibi, zinabana kwa sababu ni mpya. Kesho kutwa zitakuwa zimelegea."

"Kesho kutwa sherehe imekwisha."

"Lakini nataka zikae. Zimfikishe hata mwezi."

"Mwezi wa nini? Wewe unasuka mtu au unafunga robota la katani lisifumuke mpaka Tanga?"

Nilikuwa nimeumia, nisikufiche. Nilikuwa nimezoea kusifiwa kwa mkono wangu, na sasa unatukanwa mbele ya mwali wangu. Ndipo likanitoka neno ambalo hata mimi sikujua lilikuwa linangoja. Nikasema, "Na huko Mkumbara, Bibi, nani atamsuka?"

Rehema akasema bila kugeuka, kwa sauti ya utani, "Dada, hata Mkumbara watu wana mikono."

"Alaa," Bibi akasema. "Kumbe ni hilo." Akavuta kiti chake mpaka nikasikia harufu ya tangawizi ya chai yake. Sauti yake ikashuka. "Mjukuu wangu, umewalea hawa watoto na hakuna mtu anayebisha. Mimi nilikuwepo ulipowachukua, nikasema hutaweza, na leo naona nilisema uongo. Lakini unamsuka huyu kama vile hatapata mkono mwingine wa kumgusa mpaka arudi kwako. Mtu anayekwenda kwenye furaha hasukwi hivyo. Fumua."

"Zote? Jua linazama, Bibi."

"Ndiyo maana nimesema fumua, sijasema tukae tujadiliane."

Nikafumua. Kwenye ukingo wa paji la uso nikakuta vipele vidogo vimejipanga pale nilipokuwa nimevuta, na nywele mbili tatu zikanibaki mkononi na mizizi yake myeupe. Nilikuwa nimesuka watu miaka yote ile na sikuwahi kuangalia hapo. Nilikuwa naangalia njia kama zimenyooka. Nikampaka mafuta ya nazi kwa ncha za vidole, taratibu, na kabla sijafika upande wa pili Rehema alikuwa amelala na kichwa chake kwenye paja langu. Shughuli zilikuwa zimemkosesha usingizi tangu mahari ilipopokelewa.

"Usimwamshe," Bibi akasema. "Fanya hivyohivyo."

Akanielekeza akiwa kitini. Nilowanishe viganja kwa maji na mafuta kidogo, nichane kuanzia kwenye ncha nikirudi kwenye ngozi, nisianze juu na kuburura fundo lote chini. Kisha nigawe mabutu makubwa machache, nisuke kwa kulegeza, nimfunge kitambaa. Basi. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo staili ya sendofu, mabutu kama ya mtoto anayekwenda kisimani. Akasema, "Wewe suka. Kesho nywele zenyewe zitakwambia."

Asubuhi Rehema aliamka mwepesi, akanywa uji na kuomba kuongezewa. Nikaanza kufumua yale mabutu. Bibi akanikataza kitana, kwa hiyo nilitumia vidole vyenye mafuta, naachanisha kidogokidogo kuanzia chini. Mwanangu, nywele zilitoka zimejikunja mawimbi, zinang'aa, zimejaa mpaka zikafunika masikio. Hakukuwa na dawa wala pasi. Nilikaa nikiziangalia kama nimeletewa kichwa cha mtu mwingine.

Nikasuka misuko miwili tu myembamba, mmoja kila upande kuanzia juu ya sikio kwenda nyuma, kwa kulegeza. Zilizobaki nikazikusanya na kuzibana juu kwa pini, nikaacha chache zianguke shingoni. Kabla ya kubana pini ya mwisho mimi mwenyewe nikamwambia, "Cheka nione." Alicheka mpaka nikaiangusha ile pini.

Ukumbini alipoingia sikutazama nywele zake. Nilitazama uso. Alikuwa anaona watu, anawapungia, anainama kumsalimia kila mzee shikamoo bila kujishika kichwa. Walipoanza kucheza, upande mmoja wa nywele ukalegea ukaanguka begani. Nikasimama haraka kwenye kiti cha mzazi nilichowekewa, pini mkononi. Bibi Mwanahamisi akanidaka pindo la kanga.

"Kaa chini," akasema. "Mama wa bibi harusi hakimbii ukumbini na pini."

Nikakaa. Rehema alizirudisha zile nywele juu kwa mkono mmoja, akazichomeka zilivyokubali, akaendelea kucheza. Zilikaa upande kidogo mpaka mwisho wa sherehe. Nimewasuka watu wengi misuko iliyonyooka maishani, lakini hakuna nilioupenda kama ule uliopinda.

Alipokuja kututembelea baadaye alikuwa amesukwa na wifi yake, na njia zilikwenda kama mtu anayekwepa madimbwi. Vidole vyangu viliwasha. "Mkono wake ni mlaini, Dada," akaniwahi kabla sijasema. "Ila macho ndiyo hana." Tulicheka, nikamwandalia ugali, na kile kichwa nikakiacha kilivyo. Leo mimi na huyo wifi tunasukana tukikutana, na yeye ndiye aliyenifundisha kubana nywele fupi zikaonekana nyingi.

Sasa mwanangu, unayejifunza kusuka wadogo zako nyumbani, nataka uchukue haya. Msuko wa kwenda shambani au sokoni unaweza kuwa rahisi, mabutu manne yakakutosha, na usione haya. Msuko wa harusi nao usikutishe, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na maji, mafuta na usiku mmoja wa kulala. Anza kwenye ncha. Tazama ukingo wa paji la uso kabla hujatazama unyoofu wa njia. Mtu akikwambia "hapo," usimwambie avumilie. Legeza. Na ukifika mwisho mwambie acheke, afumbe macho, ainame avae viatu, na likimshinda moja kati ya hayo, bado hujamaliza.

Na la nje ya nywele nakwambia wazi, kwa kuwa wewe nawe ni mkubwa kwenu na nakuona unavyobeba. Anayelea hujifunza kukaza mkono. Siku za shida mkono huo ndio unaowashikilia watoto wasitawanyike, na usimruhusu mtu akudharau kwa ajili yake. Lakini shida ikipungua, mkono haujui kama imepungua, na ni lazima uuambie mwenyewe. Mdogo wako anapoondoka kwenda kusoma, kufanya kazi au kuolewa, usimfungie mambo kana kwamba hakuna mwingine atakayempenda. Mwandae awe mwepesi. Mwache akosee pini zake. Ukimlea hivyo atarudi kwako kwa hiari yake, mara nyingi kuliko ulivyotegemea, na atakuja na watu wapya wa kukalia mkeka wako.

Mungu akupe mikono isiyochoka na isiyoumiza. Akujalie wadogo zako wote uwaone wakisimama kwao, na siku watakayokuwekea kiti cha mzazi, akupe moyo wa kukikalia kwa utulivu.