Dada Yangu Upande wa Pili

Kutoka dukani kwangu Tunduma hadi nyumbani kwa dada yangu Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na nusu ya dakika hizo unazimaliza ukisubiri malori yakupishe. Nautaja umbali huu kwanza kwa sababu kila anayesikia habari yetu huniuliza kama dada alikuwa anaishi mbali.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Dada alikuwa amenipita miaka saba, na tangu siku ile yeye ndiye aliyenisuka nywele, aliyenichapa, aliyenipeleka shule. Nilipomaliza la saba tukatoka kijijini kwetu Momba, tukapanga chumba kimoja Tunduma. Ilikuwa miaka ile biashara inaanza kufunguliwa, foleni za sukari zinaisha, na kila mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara. Sisi tulivusha mchele kidogo kidogo kwenda Zambia na kurudi na mafuta ya kupikia. Pande zote mbili tulielewana kwa Kinamwanga, na asiyekijua tulimtupia Kibemba cha kubahatisha.

Siku moja mvua ilitukuta njiani. Debe likamteleza dada kichwani, mafuta yote yakamwagika matopeni. Ulikuwa mtaji wetu wote. Dada alikaa chini palepale akajiinamia, mabega yanatikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka.

"Mdogo wangu," akasema, "angalia barabara ya watu tulivyoipaka mafuta. Sasa itang'aa kama bibi harusi."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Jioni tulikunywa uji bila sukari tukalala.

Sisemi tulikuwa na furaha kwa sababu tulikuwa maskini. Maneno hayo huwa nayasikia kwa watu ambao hawajawahi kulala chumba kinachovuja. Mimi niliuchukia umaskini ule. Nilichukia kunguni, nilichukia kumkimbia mwenye nyumba, nilichukia kuvaa kandambili za rangi mbili. Nilitaka kutoka, na nilitoka.

Dada aliolewa na fundi cherehani wa Nakonde, akahamia kwake. Mimi nikabaki na biashara, na biashara ikanikubali. Gunia likawa magunia, magunia yakawa lori, wanunuzi wa Kongo wakaanza kuniulizia kwa jina. Nilijenga nyumba yenye vigae sakafuni na geti la chuma. Niliolewa pia, lakini mume wangu aliondoka baada ya miaka minne. Alisema amechoka kuishi na mtu anayeongea na simu.

Mwanzoni nilikuwa navuka kwa dada kila baada ya siku mbili tatu. Kisha ikawa mara moja kwa mwezi. Kisha nikaanza kutuma. Jirani yake mmoja alivuka kila asubuhi kuja kuuza vitumbua karibu na duka langu, nikawa nampa bahasha ampelekee. Dada alikuwa akinipigia, "Imefika, asante. Unakuja lini?" Nami nasema wiki ijayo. Shemeji alipofariki nilikwenda msibani siku moja, nikaacha hela nyingi, nikarudi kuwahi mzigo. Watoto walikuwa watano, nikawalipia ada, nikawanunulia unga. Nilijiona ndugu mwema kuliko wengi. Na ukweli ni kwamba kila nilipofunga bahasha nilisikia nafuu, kama mtu aliyekwisha kufika.

Siku moja, baada ya karibu mwaka mzima bila kuonana, alikuja mwenyewe. Alivua viatu nje ya mlango, akakanyaga vigae kwa ncha za vidole kama anaogopa kuvichafua. Alikuwa amekonda, lakini nami nilikuwa na simu sikioni.

"Kuna shida gani, dada?"

"Hakuna shida. Nilitaka tukae kidogo, tuongee."

"Malori mawili yananisubiri. Kaa hapo, narudi sasa hivi."

Nilirudi baada ya saa mbili. Alikuwa amekaa palepale, ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, soda aliyoletewa hajaigusa. Nikatazama saa, nikatazama simu, nikafungua pochi. Sikuhesabu, nilitoa tu nilichoshika nikamwekea mkononi.

"Zikusaidie kwanza. Tutaongea nikija."

Akazitazama zile noti. Nilidhani atasema kitu. Badala yake alizipokea kwa mikono miwili na kukunja magoti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wanaokuja kuniomba kazi ya kupepeta mchele.

"Asante, mama," akasema.

Hakuniita mdogo wangu. Nililisikia neno lile, likanigonga, nami nikaliacha lipite kwa sababu simu ilikuwa inaita tena.

Miezi mitatu baadaye binti yake mkubwa alinipigia akaniambia mama yake ana kansa ya kizazi. Hapo nilifanya yote ninayoyaweza. Nilikodi gari zuri, nikamtoa dereva wangu ampeleke Mbeya, nikalipia vipimo na chumba cha peke yake. Mimi sikwenda, ulikuwa msimu wa mahindi. Daktari aliongea nami kwa simu.

"Imeshasambaa," alisema. "Mngemleta mapema kidogo tungekuwa na la kufanya."

"Hela ipo, daktari. Niambie tu inatakiwa kiasi gani."

Akasema pole.

Dada aliomba arudishwe kwake. Wiki ile nilikuwa Igamba nanunua mahindi, nimesimama kando ya mizani, vumbi limenijaa hadi kope, yule binti aliponipigia.

"Mama mdogo, mama anakuulizia."

"Dawa zimeisha?"

"Hapana, dawa zipo."

"Chakula?"

"Chakula kipo, mama mdogo. Anakuulizia wewe."

Nilikuwa na watu wanasubiri kupimiwa. Nikamwambia nitafika Alhamisi, na nikampigia mtu wangu wa dukani awapelekee bahasha. Dada alifariki Jumatano, saa tatu asubuhi.

Nilimzika vizuri mno. Jeneza lilitoka Mbeya, maturubai yakajaa uwanja wote, kukachinjwa ng'ombe wawili, waliokuja kutoka Momba nikawakodia mabasi. Watu walinipongeza. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema marehemu alikuwa na bahati kuwa na ndugu kama mimi, na umati ukaitikia. Kisha ukasomwa wasifu wake. Nilikaa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, nikajifunza habari za dada yangu pamoja na wageni. Kwamba alikuwa anafundisha kwaya ya watoto. Kwamba alishika cherehani ya mumewe akajifunza kushona mwenyewe. Kwamba mtoto wake wa mwisho, ambaye mimi nilimlipia ada miaka yote nikimwita tu yule mdogo, alimpa jina langu.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa mkekani na yule mama wa vitumbua. Nilimwuliza tu kwa kuwa moyo ulikuwa unanisumbua, kama dada aliwahi kumwambia ugonjwa ulianza lini.

"Ile siku aliyokuja kwako," alisema, "alikuwa ametokwa damu miezi miwili. Nilimsihi aende hospitali. Akaniambia, ngoja kwanza nimwambie mdogo wangu, nina aibu kuwaambia wengine." Akanitazama usoni. "Kwani hakukuambia?"

Nikajibu kwamba aliniambia. Mpaka leo sijui kwa nini nilidanganya, na mbele ya mtu aliyenibebea bahasha miaka yote ile.

Baada ya matanga niliwaambia watoto wahamie kwangu, nyumba ina vyumba sita na ninalala kimoja. Yule mkubwa alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Tumezoea hapa, mama mdogo," akasema. "Wewe una kazi nyingi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Siku hizi navuka mara kwa mara. Muda ninao, nimewaachia wengine nusu ya shughuli zangu. Nikifika watoto wanasimama wote. Mmoja anafuta kiti, mwingine anakimbizwa kununua soda, wanakaa mkekani wanajibu ninachowauliza. Shule inaendeleaje, vizuri. Mnakula, tunakula. Kisha maswali yananiishia. Yule mwenye jina langu huwa anaangalia mkoba wangu, si kwa tamaa, ni kwa kuwa kwake hiyo ndiyo sehemu yangu inayoongea. Na mimi, nikiwa sina kingine ninachokijua, naufungua.