Utepe wa Jenereta

Katoo alizaliwa Bisil, katika boma ambalo lango la ng'ombe halikufunguliwa mpaka baba mwenyewe aseme. Alimtii baba, akawatii walimu, na alipoajiriwa na serikali ya kaunti akamtii kila mwenye gari kubwa kuliko lake. Utiifu huo ukampandisha cheo, akawa msimamizi wa mambo ya dharura upande wa Kitengela. Tusimcheke sana, wengi wetu tumepanda kwa ngazi hiyo hiyo.

Na kazi aliijua. Ni yeye aliyebisha hodi kila ofisi, miaka nenda miaka rudi, mpaka kituo kimoja cha afya kikapata jenereta. Wauguzi aliwafundisha mwenyewe: stima ikipotea, jenereta iwake kabla mtu hajauliza kuna nini. Ikajazwa dizeli, ikajaribiwa, ikanguruma vizuri. Kisha mlango wa kibanda chake ukafungwa utepe mwekundu, ungoje mheshimiwa aje kuizindua. Mheshimiwa akaahirisha. Akaahirisha tena. Kwetu, kitu cha serikali kisichozinduliwa ni kama mtoto ambaye hajapewa jina: kipo, lakini nani atathubutu kukiita?

Mvua ya Aprili ikaangusha nguzo, stima ikapotea mchana kweupe. Wodini alikuwamo Kui, mke wa Njuguna, jirani yake Katoo, akipumua kwa mashine ya oksijeni. Nesi Wacuka akapiga simu.

"Mzee, nikate huo utepe niwashe?"

Katoo alijua jibu. Ndilo alilokuwa akiwafundisha watu. Lakini aliiona sura ya mheshimiwa ikimuuliza nani alimruhusu.

"Ngoja kidogo, niulize."

Akapigia ofisi ya mheshimiwa, msaidizi yuko mkutanoni. Akapigia mwingine, naye akamrudisha kwa yule wa kwanza. Ruhusa ilipopatikana, Wacuka alikuwa ameshachoka kungoja, ameukata utepe kwa makasi ya bandeji. Jenereta iliwaka mara moja. Kui alikuwa amekata roho.

Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka, huenda asingepona hata stima ingekuwepo. Katoo aling'ang'ania hiyo "huenda", lakini haikumfariji. Husemwa majuto ni mjukuu. Ya Katoo hayakungoja hata mtoto azaliwe. Aliumia, akajichukia, akashindwa kula.

Baada ya mazishi alikwenda kwa Njuguna, akamweleza yote bila kujitetea. Njuguna alisikiliza hadi mwisho, akamsogezea kikombe cha chai.

"Baba Soipan, hiyo siku nilikuwa nimekaa hapo nje kwa mlango wa jenereta, nanyeshewa," akamwambia Katoo polepole. "Ungeniambia mimi nikate. Mimi sina kazi ya serikali ya kupoteza. Nilikuwa tu na bibi."