Kurimoto Yasaku Auawa Mara ya Tatu

Katika studio yetu ya Kyoto, Kurimoto Yasaku alikuwa na kazi moja kwa miaka mingi: kuuawa. Mwaka ule tulipotengeneza filamu ya visa vitatu vya upanga na kisasi, aliuawa katika kila kisa: mara mlinzi wa lango, mara mcheza kamari, na mwisho ndugu wa mhaini. Sisi wa chumba cha mavazi tulimbadilishia wigi tu.

“Mzee Kuri, leo unafia wapi?” tulimtania.

“Penye kivuli, mama. Jua limeniua vya kutosha.”

Watu wa kazi yake walikuwa na mwiko mmoja: hawasimamishi kamera. Neno “Kata!” lilikuwa la mwongozaji peke yake, na aliyelitamka kabla yake hakuitwa tena kazini.

Asubuhi ya kisa cha tatu, nyota wetu Hanabusa alipigwa picha za karibu akiwa ameshika upanga wa chuma, ili ung’ae. Kwa pambano alipaswa kupewa ule wa mwanzi uliobandikwa karatasi ya rangi ya fedha. Lakini mawingu yalikuwa yakija, watu wakaharakishwa, na hakuna aliyeubadilisha.

Kurimoto alikwisha kuanza kumkimbilia Hanabusa aliposikia upanga ukipasua hewa. Mwanzi hauna mlio ule. Niliuona uso wake ukibadilika. Akisimama, kazi imekwisha. Akiendelea, tumbo lake liko mbele ya makali. Akajitupa karibu kabisa na Hanabusa, kifua kwa kifua, mahali ambapo upanga hauna nafasi ya kuzunguka, akateleza polepole mpaka chini kama aliyekufa. Mkono wa kimono yake ulichanika toka kwapani hadi kiwikoni.

“Safi kabisa!” akasema Tokunaga, mwongozaji. “Hofu hiyo, Kurimoto, uliificha wapi siku zote? Turudie, kabla ya wingu.”

Kurimoto hakuinuka. “Bwana, sirudii.”

“Umesemaje?”

“Mbadilishieni upanga kwanza.”

Hanabusa akagusa makali kwa kidole, damu ikamtoka. Akapiga magoti vumbini na kuinamisha paji la uso hadi ardhini.

“Nisamehe, kaka mkubwa.”

“Inuka, bwana mdogo. Ukichafua hariri hiyo, akina mama hawa watanichinja kweli.”

Walirudia kwa mwanzi. Tokunaga alizilinganisha picha mbili zile, akachagua ya kwanza. Kurimoto aliendelea kuitwa kazini. Filamu ilipoonyeshwa mjini alikuja na mkewe. Kisa cha tatu kilipoanza, alitoka nje kuvuta sigara, na hakurudi ndani.