Nimemkuta Nalongo kwenye foleni ya kamera ya tumbo

Mwaka mzima nimekunywa dawa ya vidonda vya tumbo ya Nalongo, yule mama wa mapacha anayeuza mitishamba soko la Kalerwe.

Leo asubuhi nimemkuta hospitali, kwenye foleni ya kamera ya tumbo. Yuko mbele yangu.

Dawa yenyewe ni udongo uliochanganywa na mitishamba ukakaushwa. Unausugua kwenye jiwe, unakoroga na maji, unakunja uso.

"Nalongo, umeleta mgonjwa?"

Akatazama ukuta. "Mgonjwa ni mimi, nyabo."

"Na ile dawa yako ya alsa?"

"Ile mimi siwezi kunywa. Ni chungu sana."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Hatukuwa tumekula tangu jana kwa ajili ya kipimo, nguvu za kugombana ningezitoa wapi?

Tukaingia mmoja mmoja. Kamera ikapita kooni mpaka duodeni, pale utumbo mwembamba unapoanzia. Majibu yetu yamefanana kama mapacha: kidonda, pamoja na bakteria wanaokilea.

Muuguzi akatuketisha pamoja, akatuelezea vidonge vya wiki mbili. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Nalongo akanyoosha mkono.

"Hivi vidonge, kwa bei ya jumla vinauzwa wapi?"