Mwalimu Mkuu Mbele ya Duka la Mbolea

Kosa litakalofichuliwa hapa ni heshima ya uongo: ile inayomwona mtu akiangamia, kisha ikageuza uso kwa adabu ili asijue kwamba ameonekana. Kwetu huku penye chai, kosa hilo haliitwi kosa. Huitwa malezi mema.

Kila wakulima wadogo wanapolipwa bonasi ya majani chai, mji wa Kericho hulewa kwa niaba ya vijiji vyote vinavyouzunguka. Kanisa letu lilikuwa limehubiri dhidi ya jambo hilo kwa miaka mingi bila kupunguza hata chupa moja. Hatimaye likaamua kuwatunza walevi badala ya kuwakemea. Au, kwa usahihi zaidi, kuwatunza huku tukiwakemea. Tulivaa jaketi zinazong'aa, tukabeba thamosi za chai ya maziwa, blanketi, na slipa za wanawake walioshindwa na viatu virefu. Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa na kipaji cha kumpa mtu chai kwa mkono mmoja na jehanamu kwa mkono wa pili.

Usiku mmoja wa bonasi alianza na msichana wa gauni la kumetameta aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za baa, kisigino cha kiatu kimevunjika. Tulimvisha slipa, tukamfunika blanketi, na mwenyekiti akamweleza kwa kirefu hatima ya mabinti wanaopenda muziki. Msichana alisikiliza kwa utulivu wote ambao pombe humjalia mtu, kisha akanyoosha kikombe.

"Pasta, mahubiri ni mengi, chai ni kidogo. Ongeza."

Mwenyekiti, ambaye si pasta, hakumsahihisha.

Hatua chache mbele, kwenye baraza la duka la mbolea, mwanamume alikuwa amelala chali, shati wazi, manyunyu yakimpiga kifuani. Mweka hazina wetu alimmulika usoni kwa tochi, akaizima papo hapo kana kwamba imemuunguza. Sote tulikuwa tumekwisha kumtambua. Alikuwa mzee wa kanisa kutoka Sosiot, mwalimu mkuu mstaafu aliyewafundisha karibu wote waliovaa jaketi zile. Tena ndiye aliyesimama mbele ya waumini akapendekeza huduma yetu ianzishwe.

Kilichofuata, kama ilivyo desturi yetu penye dharura, kilikuwa mkutano. Mmoja alisema haifai mzee wa cheo kile kushikwashikwa na watu aliowachapa viboko. Mweka hazina aliona kwamba mzee akiamka na kutukuta, hataweza kusimama tena kanisani. Mwenyekiti akaamua tusogee ng'ambo ya barabara, tumwombee kutoka huko, na asubuhi shemeji ya mzee aarifiwe kwa utaratibu unaofaa. Nilisema kwamba midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi na koo lake lilikuwa likikoroma kama bomba lililoziba. Niliambiwa kwa upole kwamba nimekosa heshima. Nikajibu kwamba kwa baridi ile, kufikia asubuhi, shemeji angehitaji kuarifiwa jambo jingine kabisa.

Nilikuwa nikiinama nimshike mabega niliposikia slipa zikipigapiga lami. Msichana alikuwa ametufuata, nadhani kwa ajili ya chai.

"Mnaangalia nini?"

"Dada, rudi ukae," mwenyekiti akamwambia. "Huyu ni mwalimu mkuu."

"Kwani mnamwogopa hata akiwa amelala?"

Hakungoja jibu. Alipiga magoti kwenye maji, akanisaidia kumgeuza mzee ubavu, akampanua mdomo kwa vidole. Bonasi aliyoinywa ikatoka yote kwa pamoja, kubwa kama cheo chake, juu ya viatu vya mwenyekiti. Mzee akakohoa, akavuta pumzi ndefu iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara, mahali ambapo tulitakiwa kuwa tukiomba. Msichana alimfuta mdomo kwa pindo la gauni lake, akavua blanketi na kumfunika. Kisha akanigeukia.

"Leta chai. Si ile ya mahubiri. Ya kunywa."

Mzee alipofungua macho alizitazama jaketi moja baada ya nyingine. Wanafunzi wake wa zamani walirudi nyuma, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake.

"Nani amenifunika?" akauliza, kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi.

Mwenyekiti alikohoa kidogo, akaanza kueleza kwamba huduma hii, kwa neema ya Mungu na kwa ushirikiano wa kamati nzima... Mzee akainua kidole kimoja. Mwenyekiti akanyamaza kama mtoto wa darasa la nne.

"Nimeuliza, nani?"

Msichana akasimama wima, akalivuta chini gauni lake lililolowa, akaweka mikono mgongoni.

"Ni mimi, mwalimu. Cherono."